Baharia au msafiri? Jua unapita mpakani kama nani

Simu ililia saa nane za usiku. Mteja wetu mmoja, kijana wa Likoni aliyekuwa akienda Miami kupanda meli ya kitalii kwa mkataba wake wa kwanza, alikuwa amesimama mbele ya kaunta ya shirika la ndege huku foleni ikimpita. Pasipoti anayo, viza anayo, tiketi imelipwa na kampuni. Lakini barua yake ya ajira ilitaja meli moja, na barua pepe aliyotumiwa wiki hiyo ilitaja nyingine. Kampuni ilikuwa imembadilishia meli siku nne kabla ya safari, naye akaona ni jambo dogo. Meli si meli tu? Dada wa kaunta hakuona hivyo, na kusema kweli hakukosea. Kijana alirudi kulala kwa shangazi yake, akaondoka siku mbili baadaye na barua mpya mkononi.

Ofisi yetu ni ndogo: meza tatu, printa moja na chupa ya chai, hapa Mombasa. Tunawaandalia mabaharia wa meli za kitalii karatasi zao, tunajibu maswali ya wazazi wao, na siku hizi tunapata pia jamaa wa ughaibuni wanaotaka kupanda meli hizo kama abiria. Tulichojifunza ni kwamba matatizo mengi ya mpakani hayaletwi na karatasi kukosekana. Huletwa na mtu kutojua anapita kama nani. Baharia yuleyule, katika safari moja ya kwenda kazini na kurudi, hubadilika mbele ya sheria mara tano au sita. Anaondoka kwao akiwa raia. Njiani ni abiria wa kupita tu. Bandarini ni baharia anayejiunga na meli, halafu baharia aliyeshuka kutembea saa chache, halafu baharia aliyemaliza mkataba. Akitua uwanja wa ndege wa Moi hapa Mombasa au JKIA Nairobi ni mkaazi anayerudi nyumbani na mabegi, kama mtu mwingine yeyote. Kila hali ina karatasi zake na mipaka yake, na anayezichanganya ndiye anayetupigia saa nane za usiku.

Mpaka wa kwanza ni kaunta ya ndege

Watu hudhani mpaka uko Miami au Barcelona. Mpaka wa kwanza ni yule dada wa kaunta. Shirika la ndege likimbeba mtu asiye na karatasi sawasawa, hutozwa faini kule anakotua na hulazimika kumrudisha kwa gharama zake. Kwa hiyo dada huyo hakufanyii roho mbaya. Analinda mfuko wa mwajiri wake.

Kitu cha kwanza kinachomshtua ni tiketi yako ya kwenda tu. Msafiri wa kawaida anayekwenda Marekani bila tiketi ya kurudi huulizwa maswali. Baharia huenda bila tiketi ya kurudi kwa sababu hajulikani atashukia bandari gani baada ya miezi sita, minane au tisa. Kinachoeleza hali hiyo ni barua ya ajira: jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, cheo chako, jina la meli, bandari ya kupandia na tarehe. Hivyo vitano vikilingana na tiketi yako na viza yako, unapita. Kimoja kikipotoka, hata herufi ya jina, unasimama pembeni. Waislamu wenye majina matatu wanalijua hili vizuri: pasipoti inasema Mohamed, barua inasema Muhammad, na mwenye kaunta hajui kwamba ni mtu mmoja.

Pasipoti yenyewe itazame kwa jicho la mkataba, si la safari. Wengi wanajua sharti la miezi sita. Lakini ukienda kwa mkataba wa miezi tisa na pasipoti iliyobakiza kumi, utajikuta katikati ya Karibiani na kitabu kinachokaribia kufa, na ubalozi uko Washington wakati wewe umo baharini. Sisi hatumwandalii mtu safari ikiwa pasipoti yake haina angalau miezi kumi na minane na kurasa za kutosha. Na kama viza yako ya Marekani ingali hai ndani ya pasipoti ya zamani, usiitupe ile ya zamani. Viza haifi kwa sababu pasipoti imebadilishwa. Unabeba zote mbili, hata ile iliyokatwa pembe, mradi ukurasa wa viza haujaharibiwa.

Halafu kuna kadi ya manjano. Visiwa vingi vya Karibiani huidai kwa mtu anayetoka nchi zenye homa ya manjano, na Kenya imo. Chanjo huanza kuhesabiwa siku kumi baada ya kuchomwa, kwa hiyo anayechanjwa Jumatatu akaruka Ijumaa ana kadi lakini hana chanjo. Habari njema ni kwamba tangu Julai 2016 kadi hiyo ni ya maisha. Kuna watu bado wanarudia sindano kila miaka kumi kwa sababu kadi yao ya zamani imeandikwa hivyo. Hakuna haja.

Ukiongeza kitabu cha baharia, cheti cha afya ambacho hudumu miaka miwili tu, na vyeti vya mafunzo ya msingi ya usalama, begi la karatasi limekamilika. Begi hilo ni la mkononi. Tumewahi kuwa na mteja aliyefunga karatasi zote ndani ya sanduku kubwa “zisije zikapotea,” sanduku likaenda sehemu ya mizigo, naye akafika mbele ya afisa akiwa na simu na tabasamu.

C na D kwenye viza moja

Viza ya baharia ya Marekani huandikwa C-1/D, na watu huisoma kama jina moja. Ni viza mbili zilizoshikana. C-1 ni ya kupita njia: inakutoa uwanja wa ndege hadi melini. D ni ya baharia aliyekwisha kuwa kwenye meli. Ada ya ombi ni dola 185, na fomu ni ileile ya DS-160 inayojazwa na wengine.

Tofauti ya herufi hizi mbili ndiyo iliyomtoa jasho mteja wetu mwingine. Alipofika mbele ya afisa wa uhamiaji Miami akaulizwa anakuja kufanya nini. Kwa adabu zake zote akasema anakuja kazini, lakini kwanza atamtembelea shangazi yake Texas siku tatu hivi. Alikuwa mkweli. Lakini aliyemruhusu kuingia ni C, na C haina shangazi. Akapelekwa chumba cha pili, akakaa saa nne, hadi wakala wa meli alipopigiwa simu na kuthibitisha kwamba basi la kampuni liko nje linamsubiri. Jibu ni fupi: “Mimi ni baharia, ninajiunga na meli fulani, bandari fulani, tarehe fulani.” Hakuna haja ya kuongeza hadithi. Shangazi wa Texas anatembelewa kwa viza ya B, ile ya matembezi, na kuna mabaharia wanaoiomba hiyo pia kwa ajili hiyohiyo.

Ukishasaini na kuwa kwenye orodha ya mabaharia wa meli, C imemaliza kazi yake. Sasa wewe ni D. Meli ikiwa bandarini, afisa anaweza kukupa kibali cha kushuka, ile fomu I-95. Kibali cha aina ya D-1 ni cha anayeshuka na kurudi kwenye meli ileile. D-2 ni cha anayeondoka kwa chombo kingine, yaani aliyemaliza mkataba na anakwenda kupanda ndege. Vyote vina ukomo wa siku 29. Siku hizo 29 zimewadanganya wengi, wakidhani ni likizo waliyopewa. Siyo. Ni ukomo wa juu kabisa, na meli inaondoka jioni. Ukiachwa na meli kwa makusudi, unakuwa baharia aliyetoroka, kampuni inapigwa faini, na jina lako linaingia mahali ambapo hutalifuta. Pia jua kwamba mtu aliyeingia Marekani kwa C au D haruhusiwi kubadilisha aina ya viza akiwa ndani ya nchi. Wale wanaokwambia “shuka tu, tutakutafutia chuo” hawajasoma sheria hiyo, au wameisoma na wanataka pesa zako.

Ulaya ni hesabu nyingine. Anayepandia meli Barcelona au Civitavecchia anaingia kwa viza ya Schengen, yaani ya zile nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, na anahesabiwa siku 90 ndani ya kila siku 180. Meli ikitoka kwenye maji ya Schengen, unatakiwa kutoka kwako kuwe kumeandikwa, zamani kwa muhuri na sasa kwa mfumo wa kielektroniki, ili siku zisiendelee kuhesabiwa ukiwa baharini. Lini kutoka huko kuandikwe, siku ya kusaini au siku meli inapoondoka? Jambo hili lilifika hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya kutoka bandari ya Rotterdam, na tarehe 5 Februari 2020 mahakama ikaamua kwamba muhuri ulipaswa kupigwa pale meli inapokaribia kuondoka. Kwa meli ya kitalii tofauti huwa ni ya saa chache, kwa sababu haikai gatini. Lakini ukipelekwa kwenye meli iliyo matengenezoni, unaweza kukaa wiki tatu gatini na wiki zote hizo zikala siku zako. Ukiambiwa unajiunga na meli iliyo kwenye chelezo, tuambie kabla.

Siku ya kubadilisha abiria

Wazazi hutuuliza: mwanangu meli yake inarudi Miami kila Jumapili, kwa nini hapatikani kwa simu asubuhi? Na jamaa walioko Florida hutaka kwenda kumsalimia saa mbili asubuhi na sufuria ya pilau.

Asubuhi hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Abiria elfu kadhaa wanashuka, kila mmoja anapita mbele ya afisa au kamera inayolinganisha uso wake na picha ya pasipoti. Hakuna abiria mpya anayepanda mpaka wa zamani wote wahesabiwe wametoka. Abiria mmoja akilala chumbani, au akijificha baa akimalizia kinywaji, meli nzima inasubiri na jina lake linaitwa kwenye vipaza sauti. Mabaharia nao wanaweza kuitwa ukumbini na pasipoti zao kwa ukaguzi. Pasipoti hizo kwa kawaida hazikai na baharia. Ofisi ya mabaharia ndani ya meli huzitunza ili ziwe tayari kwa kila bandari. Kwa hiyo mtu akishuka hubeba kadi ya meli, kibali chake na nakala ya pasipoti. Sisi humwambia kila mteja apige picha ukurasa wa pasipoti, viza na kitabu cha baharia, azitume kwa mtu wa nyumbani anayejibu simu. Si kwa kaka ambaye simu yake huwa haina chaji.

Ni nani alisema baharia ana haki ya kushuka? Mkataba wa FAL wa mwaka 1965, unaosimamiwa na Shirika la Kimataifa la Bahari, unataka baharia aruhusiwe kushuka bandarini bila kudaiwa viza kwa ajili hiyo. Nchi nyingi zinafuata. Marekani, pamoja na hayo, inadai D. Mkataba huohuo ndio uliozaa zile fomu ambazo nahodha huzipeleka kila bandari: tamko la jumla, tamko la shehena, akiba ya meli, mali za mabaharia, orodha ya mabaharia, orodha ya abiria, na mizigo ya hatari. Tangu Januari 1, 2024, taarifa hizi zinatakiwa zipelekwe kwa njia ya kielektroniki kupitia dirisha moja, si kwa makaratasi ya kila idara.

Katika fomu hizo, inayokuhusu wewe moja kwa moja ni ya mali za mabaharia. Simu mpya uliyonunua Cozumel, saa, chupa ya pombe, sigara: vinaandikwa humo. Tunawaomba wateja wasiichukulie kama karatasi ya kujaza harakaharaka. Forodha wakikagua vyumba wakakuta kitu ambacho hukukiandika, hawakuulizi ulikinunua kwa bei gani. Wanauliza kwa nini ulikificha.

Vitu vya nyumbani vinavyofunga safari

Hapa tutasema bila kuzunguka, kwa sababu tunatoka pwani na tunajua kilicho ndani ya mabegi.

Miraa na muguka havivuki. Uingereza iliupiga marufuku mmea huu Juni 2014, na Marekani kemikali iliyo ndani yake imewekwa kundi moja na dawa za kulevya kali kabisa. Kwamba unauzwa kando ya barabara Mombasa na una ushuru wa kaunti hakukusaidii kitu. Hata majani yaliyosahaulika kwenye mfuko wa koti yanatosha kukatiza mkataba. Bangi ni hivyohivyo, hata kama umeshuka katika jimbo la Marekani ambako inauzwa dukani: bandari na bahari ni mambo ya serikali kuu, na meli haina msamaha.

Nyama yoyote kutoka kwetu, hata kopo la nyirinyiri alilofunga mama kwa mapenzi yote, haikubaliki Marekani. Matunda pia. Asiyetangaza chakula kilichokatazwa anaweza kutozwa hadi dola 1,000 kwa kosa la kwanza, na kuna mbwa wadogo wanaozunguka sehemu ya mizigo kazi yao ni kunusa vyakula tu. Viungo vya pilau vikavu, vilivyofungwa dukani na maandishi yake, kwa kawaida havina shida, lakini bado vitangaze. Ukitangaza kitu kisichoruhusiwa, unanyang’anywa kitu. Usipotangaza, unaadhibiwa wewe. Magamba ya kobe wa baharini, matumbawe na kombe kubwa zile wanazouziwa wageni ufukweni ziacheni kabisa. Ni mambo ya wanyamapori huku na kule.

Kurudi nyumbani: ubaharia unaishia mlangoni

Tunafika sehemu inayoleta machungu mengi, kwa sababu mtu amefanya kazi miezi tisa, amewanunulia watu zawadi, na anatua akiamini kwamba kitabu cha baharia ni kinga. Siyo. Umesaini kutoka kwenye meli. Mbele ya afisa wa forodha wa Kenya wewe ni mkaazi anayerejea, na unapimwa kwa sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 kama aliyekwenda Dubai kununua bidhaa.

Sheria hiyo inasamehe nguo na vitu vyako binafsi ulivyotumia. Kwa mwenye umri wa miaka 18 na zaidi inaruhusu lita moja ya pombe kali au lita mbili za mvinyo, si vyote viwili. Manukato ni nusu lita, na ndani ya nusu hiyo pafyumu yenyewe isizidi robo. Tumbaku ya aina zote kwa pamoja isizidi gramu 250. Zaidi ya hapo kuna thamani ya bidhaa nyingine inayosamehewa kwa kila msafiri, na kiwango hicho tunakuandikia kwenye karatasi ya safari yako kulingana na tarehe unayorudi, kwa kuwa mambo ya bajeti hubadilika kila Julai.

Kinachowashinda watu si viwango. Ni idadi. Simu moja uliyoitumia na picha zako zimo ni simu yako. Simu tano za aina moja ndani ya maboksi yake ni biashara, hata ukiapa kwamba una dada watano. Inawezekana kweli una dada watano! Afisa hana njia ya kujua. Fungua boksi, onyesha risiti, na kama ni vingi pita njia nyekundu, jaza fomu ya tamko F88 na ulipe kilicho halali. Mteja wetu mmoja alilipa ushuru wa kompyuta mbili akatoka baada ya dakika arobaini. Mwenzake wa ndege hiyohiyo alipita njia ya kijani na vitu kama hivyo, akasimamishwa, akaja kutuona wiki iliyofuata tukamsaidie kuvitoa ghalani. Gharama ya ghala, muda na nauli za kwenda na kurudi zilipita ushuru wenyewe.

Ndege ndogo zisizo na rubani, zile droni, tunaziomba zisinunuliwe kabla ya kutuuliza. Wapiga picha wa melini huzipenda. Kenya inataka kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga kabla droni haijaingia, na bila kibali inabaki uwanjani.

Pesa taslimu nazo zina hofu yake isiyo na sababu. Mabaharia wengi hulipwa kwa dola na hupenda kuzibeba mwilini, kwenye soksi au ndani ya kanga iliyokunjwa. Kubeba zaidi ya dola 10,000 si kosa. Kosa ni kutotangaza, unapotoka Marekani na unapoingia kwetu. Ukitangaza unapewa karatasi, unaondoka na pesa zako. Ukikutwa umezishona kwenye pindo, sasa una maelezo marefu ya kutoa.

Na ile mifuko ya plastiki ya dukani uwanja wa ndege: Kenya imeipiga marufuku tangu Agosti 28, 2017, Tanzania Bara tangu Juni 2019. Hamisha chokoleti zako kwenye begi ukiwa bado ndani.

Kwa jamaa wanaosafiri kama abiria

Mwaka huu tumepata maswali mengi kutoka kwa Waswahili wa Minneapolis na Columbus. Anayepanda meli Miami, akazunguka Bahamas na kurudi Miami ileile, kama ni raia wa Marekani anaweza kusafiri hata kwa cheti cha kuzaliwa na kitambulisho chenye picha. Bado tunamshauri abebe pasipoti, kwa sababu akiugua Nassau na kulazimika kurudi kwa ndege, cheti cha kuzaliwa hakitampandisha. Mwenye green card abebe kadi hiyo pamoja na pasipoti ya nchi yake. Msamaha wa forodha kwa mkaazi wa Marekani anayerudi ni wa dola 800.

Mtego mkubwa uko Ulaya. Mtu anaomba viza ya Schengen ya kuingia mara moja, anapanda meli Barcelona, meli inapiga Tunis kisha inarudi Ufaransa. Alipotoka kwenda Tunis viza yake iliisha kazi. Wakala aliyemuuzia safari mara nyingi hafikirii hilo, kwa kuwa wateja wake wengi hawahitaji viza. Soma bandari zote, moja moja, kabla ya kujaza ombi, na uombe ya kuingia mara nyingi.

Anayetoka Mombasa kwenda Unguja kwa meli, pamoja na kwamba Mkenya haihitaji viza, kadi ya manjano ataulizwa. Zanzibar hawana mchezo na hilo.

Na ninyi mnaosubiri nje ya geti la Kilindini

Baadhi ya wasomaji wetu ni madereva na waongoza watalii, nao hulalamika: meli imefunga gati saa moja asubuhi, mbona wageni wanatoka saa tatu? Meli inapoingia hupandisha bendera ya njano, maana yake inasema haina maradhi na inaomba ruhusa. Afya ya bandari ndio wa kwanza kuridhika. Bila wao, hata uhamiaji hawapandi. Ndipo wakala wa meli anapofuatana na maafisa wa uhamiaji na forodha. Forodha hupiga lakiri kwenye stoo za vinywaji na sigara zisizolipiwa ushuru, na ndiyo maana maduka ya ndani ya meli hufungwa ikiwa bandarini, jambo ambalo kwenu lina faida: mgeni anayetaka kununua atanunua kwenu. Kumwekea mteja gari saa moja na nusu ni kujitafutia joto la bure. Wekeni saa tatu.

Kidogo kuhusu neno lenyewe, kwa kuwa tuko pwani. Forodha lilikuwa jina la mahali, pale jahazi linaposhusha mizigo na mwenye kutoza ushuru amekaa. Ndiyo maana Zanzibar pakaitwa Forodhani, ambako leo watu wanakula urojo na mishikaki mahali ambapo zamani palifunguliwa magunia.

Tunachofanya, na tusichofanya

Tunakagua karatasi zako zote moja kwa moja na kuzilinganisha herufi kwa herufi. Tunakujazia DS-160 ukiwa umekaa nasi, si wewe ukiwa nyumbani, kwa sababu majibu ni yako na utaulizwa wewe. Tunakufanyia mazoezi ya mahojiano kwa Kiingereza cha kawaida. Unaporudi, tunakuandalia orodha ya vitu vyako na risiti kabla hujatua. Kwa walioshikwa mizigo, tunafuatilia hadi itoke.

Kazi hatuuzi. Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006 unakataza kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi. Gharama anazoweza kubebeshwa ni za cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti, basi. Hata viza, mkataba unasema wazi, ni juu ya mwenye meli. Kwa hiyo ukija kwetu na barua ya ajira, swali la kwanza tutakalokuuliza ni kama kampuni inakurudishia zile dola 185, na tutakusaidia kuandika madai. Na kama kuna mtu amekuomba laki mbili “za kufungua faili la meli,” peleka jina lake kwa Mamlaka ya Bahari ya Kenya, ambao ndio wanaotoa leseni kwa mawakala wa mabaharia. Ndugu zetu wa Tanzania wana TASAC, shirika la serikali la uwakala wa meli, upande wa Bara na mamlaka ya usafiri baharini upande wa Zanzibar.

Ada yetu ni ya kazi ya karatasi, imebandikwa ukutani, na risiti unapewa. Tunafungua saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja, Ijumaa tunasimama kwa swala, Jumamosi tunafunga saa saba. Ukija mara ya kwanza, njoo na pasipoti zote ulizowahi kuwa nazo, kadi ya manjano, na barua ya ajira iliyochapishwa, si picha ya skrini. Na ukibadilishiwa meli, hata kama ni siku nne kabla, tupigie kabla hujapanda treni ya Nairobi.